Kabla ya Kunyosha Meno

Kinywa ni mlango, na meno ni walinzi wa mlango huo. Walinzi wakisimama vizuri mwenye nyumba hawakumbuki. Wakisukumana na kupandana, huwakumbuka kila afunguapo mlango. Mimi nilikuwa mtu wa namna ya pili kwa miaka arobaini na zaidi. Meno yangu ya mbele ya chini yalibanana kama abiria wa basi la mwisho, moja likitazama mashariki na jingine magharibi. Na juu, upande wa kushoto, jino la pili lilirudi nyuma ya wenziwe kama mtoto aliyeitwa mbele ya wageni akaona haya. Baina ya meno mawili makubwa ya juu nilikuwa na mwanya. Habari za mwanya huo nitazieleza baadaye, kwa kuwa ndio ulionifundisha nusu ya haya ninayotaka kuandika.

Sikuwa mgonjwa. Nilikula, nililala, na nilifundisha Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Tanga. Lakini nilikuwa na desturi moja ambayo sikuijua mpaka mwanafunzi mmoja aliponiigiza mbele ya wenzake, naye hajui kuwa nimesimama dirishani. Alisema maneno yangu kwa sauti yangu, na alipofika mahali pa kucheka akaweka kiganja mbele ya kinywa. Darasa zima likaangua kicheko. Nami kule nje nikacheka, na nilipocheka nilikuta kiganja changu kiko kinywani. Mtu aweza kubeba aibu miaka mingi kama abebavyo funguo mfukoni, asihisi uzito wake mpaka siku ya kuzitoa.

Siku zile nilisikia habari za vifuniko angavu vya kunyosha meno. Ni vifuniko vya plastiki nyembamba, kimoja cha juu na kimoja cha chini, vilivyofanywa kwa kipimo cha kinywa cha mvaaji mwenyewe. Havina waya wala chuma. Mtu wa mbali havioni. Huvaliwa na kuvuliwa kwa vidole. Nilifikiri kuwa jambo lenyewe ni jepesi: mtu hulipa, huvaa, hunyoka. Nilikosea. Naandika insha hii ili msomaji mwenye nia kama ile niliyokuwa nayo apate kujua kabla ya kufungua mkoba mambo niliyoyajua mimi baada ya kuufungua.

Haja ya kunyosha meno si ngeni duniani. Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake cha mwaka 1728, alieleza ukanda wa madini uliofungwa kwenye meno kwa nyuzi ili kuyavuta yafuate mstari. Mwaka 1945 daktari wa Marekani, H. D. Kesling, alieleza kifaa cha mpira kilichofinyangwa juu ya mfano wa meno yaliyokwisha kupangwa, akaona kuwa mfululizo wa vifaa vya namna hiyo ungeweza kuyasogeza meno hatua kwa hatua. Wazo lake lilikuwa jema, lakini mikono ya watu haikutosha, maana kufanya mfano mpya kwa kila hatua ni kazi ya kuchosha. Kompyuta ndiyo iliyoleta mikono hiyo. Mwaka 1997 Zia Chishti na Kelsey Wirth, waliokuwa wamesoma katika Chuo Kikuu cha Stanford, walianzisha kampuni ya Align Technology huko California, na mwaka 1998 vifuniko vyao, viitwavyo Invisalign, vilipata kibali cha serikali ya Marekani. Wawili hao hawakuwa madaktari wa meno. Leo kampuni nyingi hufanya vifuniko vya jinsi hiyo. Ila msomaji asisahau jambo moja: mashine imechukua kazi ya mfinyanzi, haikuchukua kazi ya mvaaji.

Yafaa kwanza kujua jinsi jino linavyotembea. Jino halikupigiliwa katika taya kama msumari katika ubao. Baina ya mzizi na mfupa pana utando mwembamba wa nyuzi zilizo hai. Kifuniko hufinyangwa kwa sura ambayo meno hayajawa nayo bado. Tofauti ni ndogo, aghalabu robo ya milimita hivi kwa jino. Mtu akikivaa, plastiki hulisukuma jino kwenda mahali pake pa kesho. Upande linakosukumwa, chembe hai za mwili hula mfupa. Upande linakotoka, chembe nyingine hujenga mfupa mpya. Hivyo jino hupita ndani ya mfupa kama jahazi lipitavyo majini, maji yakipasuka mbele na kukutana nyuma, isipokuwa safari hii ni ya miezi. Baada ya juma moja au mawili mvaaji huweka kando jozi aliyoizoea na kuvaa nyingine, na maumivu madogo ya siku mbili za kwanza humwambia kuwa kazi imeanza upya.

Kutokana na hayo twaona mambo mawili. La kwanza ni kwamba mwendo huo hauharakishwi. Nguvu ikizidi, mizizi ya meno yaweza kufupika, na mzizi uliofupika haurefuki tena. La pili ni kwamba anayejenga upya ni mwili wenyewe, na mwili hauwezi kujenga mahali palipooza. Jambo hili la pili ndilo lililonipata siku ya kwanza.

Nilisafiri zaidi ya kilomita 300 kwenda Dar es Salaam kumwona daktari bingwa wa kupanga meno. Niliingia kwake na fedha mfukoni nikitumaini kutoka na vifuniko. Alinikalisha, akapiga picha za eksirei, akaingiza kijiti chembamba chenye alama za kipimo baina ya jino na ufizi, jino baada ya jino, akimtajia msaidizi wake tarakimu. Damu ilitoka. Mwishowe akasema, "Mwalimu, leo sikupi kitu. Fizi zako zinaumwa. Nikiyasukuma meno haya leo, nitakuwa nimesukuma nguzo katika mchanga uliolowa."

Niliona uchungu, maana nauli ilikuwa imekwenda. Lakini alinionyesha picha. Nyuma ya meno ya chini yaliyobanana, mahali mswaki usipofika, ukoga ulikuwa umegeuka jiwe, na mfupa ulikuwa umeanza kushuka. Nilisafishwa mara mbili, nikazibwa matundu mawili, nikafundishwa kupiga mswaki kama mtoto wa darasa la kwanza, nikaambiwa nirudi baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu ile niliiona kuwa ni hasara. Leo naiona kuwa ndiyo sehemu ya matibabu iliyonifaa zaidi. Mtu mwenye fizi zinazotoka damu, mwenye meno yaliyotoboka, mvuta sigara, au mwenye ugonjwa wa sukari usiotulizwa, ana kazi ya kufanya kabla ya kunyosha jino lolote. Na mwenye jino la bandia lililopachikwa mfupani kwa skrubu ajue kuwa hilo halitembei kamwe, kwa kuwa halina ule utando ulio hai.

Kijana mmoja niliyefundisha naye hakupenda kungoja hivyo. Alimpata mfanyabiashara aliyemletea unga wa kufinyangia, akauma mwenyewe nyumbani, akapeleka alama za meno yake, akaletewa vifuniko kwa thamani ya theluthi ya ile niliyotakiwa mimi. Hakupigwa picha ya mifupa, wala hakuna aliyetia kijiti katika fizi zake. Mwezi wa tano jino lake moja la mbele lilianza kucheza. Alipokwenda hospitali aliambiwa kuwa ugonjwa wa fizi ulikuwamo tangu mwanzo, na kwamba vifuniko viliutia haraka. Jino lile halikuanguka, lakini hadi leo halitumii kuumia chungwa wala muwa.

Wala si huku kwetu tu. Marekani ilikuwako kampuni iliyoitwa SmileDirectClub, iliyoanzishwa mwaka 2014, ikipeleka vifuniko kwa watu majumbani mwao kwa njia ya posta. Ilikua ikawa kubwa sana. Septemba 2023 iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi, na Desemba mwaka huo ikafunga milango, na wateja waliokuwa katikati ya safari wakabaki na meno yaliyokwisha ondoka kwao na hayajafika yaendako. Urahisi ni mali, sikatai; lakini rahisi hugharimu, na mtu anayeuza dawa ya kinywa asiyekiona kinywa ni sawa na fundi anayeuza paa kwa nyumba asiyoijua kuta zake. Kabla ya kulipa, mtu aulize: nani atanitazama? Atanitazama mara ngapi? Na kikitokea kitu, mlango wa nani nitabisha?

Nirejee sasa kwenye habari za mwanya. Miezi mitatu ilipokwisha, fizi zangu zikiwa zimepona, daktari alipitisha kifaa chenye mwanga kinywani mwangu, na meno yangu yote yakatokea katika kompyuta. Juma lililofuata aliniletea mpango wa safari katika simu: vifuniko jozi 26, kila jozi majuma mawili. Nilipogusa kioo, niliyaona meno yangu yakitembea kama watu wanaopanga swafu msikitini, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi, mpaka yakasimama sawasawa. Nilifurahi sana. Jioni nilikwenda nayo kwa dada yangu mkubwa.

Dada alivaa miwani, akatazama. Akanyamaza. Akatazama tena. Kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, mama amekwenda wapi?"

Sikumfahamu. Mama yetu alikuwa amekwisha fariki miaka kumi na mmoja.

Akaweka kidole juu ya kioo, katikati ya meno mawili ya juu. "Hapa," akasema. "Mama alikuwa hapa."

Nikatazama, nikaona kuwa mwanya umefungwa. Kwa watu wetu wa pwani, na kwa wengi wa bara pia, mwanya ni uzuri. Husifiwa, na asiye nao huutamani. Mama yangu alikuwa nao. Alipocheka, mwanya ulitangulia kicheko. Katika watoto wake watano nimeurithi mimi peke yangu. Nami nilikuwa karibu kulipa mishahara ya miezi mitano ili uondolewe, wala si kwa kuuchukia, bali kwa kuwa hakuna aliyeniuliza na mimi sikusema. Kompyuta ile haikunidhulumu. Ilifundishwa kuwa safu njema ni safu isiyo na nafasi, ikafunga kila nafasi iliyoiona. Kosa lilikuwa langu: nilikwenda kwa daktari nikijua ninachokichukia, bila kujua ninachokipenda.

Usiku ule ule nilimwandikia daktari. Akajibu kuwa mwanya waweza kubaki, na kwamba jambo hilo husemwa sasa, kabla ya vifuniko kufanywa, si baadaye. Aliongeza kuwa mwanya uliofungwa hupenda sana kufunguka tena, na kwa hiyo kuuacha ulivyo ni kujipunguzia kazi. Mpango ukageuzwa. Jozi zikabaki 26, mwanya ukabaki mahali pake, na dada alipoletewa picha mpya alisema neno moja tu: "Haya."

Basi nasema kwa msomaji: mpango ule uonyeshwao katika kompyuta ni pendekezo, si hukumu. Utazame mchana, usiku uulalie, uonyeshe mtu anayekupenda. Uliza kila jino linakwenda wapi na kwa nini. Uliza kama kuna jino litakalong'olewa. Uliza kama meno yatapunguzwa ubavuni, maana pasipo na nafasi ya kutosha daktari husugua kando za meno kwa ukanda mwembamba kama msasa, sehemu ndogo ya milimita kila mahali. Hakuumi, wala hakudhuru kukifanywa kwa kiasi, lakini ganda la jino lililosuguliwa halioti tena. Uliza pia habari za vinundu. Hivi ni vipande vidogo vya utomvu mgumu wenye rangi ya jino, ambavyo hugandishwa juu ya meno ili plastiki ipate mahali pa kushika. Mimi nilipewa tisa. Nilikuwa nimeambiwa kuwa vifuniko havionekani. Hakuna aliyeniambia kuwa nikivivua ili nile, ulimi na midomo yangu itakutana na vijiwe tisa.

Tena vifuniko si dawa ya kila kinywa. Meno yaliyosongamana kiasi huitikia vizuri. Lakini jino la mviringo lililojipinda sana, chonge lililokwama juu katika ufizi, au mataya ambayo yenyewe hayakulingana, mara nyingi huhitaji waya, na mengine huhitaji upasuaji. Daktari mwaminifu atasema hivyo, hata kama kwa kusema atakosa fedha. Vilevile, vifuniko havibadili rangi ya jino. Mwenzangu mmoja wa shuleni, mzaliwa wa Arusha, ambako maji ya mahali pengi yana floridi nyingi na watu wengi hukua na meno yenye madoa ya kahawia, aliniuliza kama plastiki ingemweupisha. Nilimwambia kuwa hiyo ni kazi nyingine na fundi mwingine, na kwamba amweleze daktari habari za madoa hayo mapema, kwa sababu vinundu havishiki kwa urahisi juu ya ganda la namna hiyo.

Sasa nije kwenye saa, maana hapa ndipo nilipoanguka. Vifuniko hutakiwa kukaa kinywani saa 20 mpaka 22 kila siku. Mtu huisikia hesabu hiyo akaiona ni maneno. Aipige. Siku ina saa 24. Zabaki saa mbili mpaka nne. Katika hizo kuna chakula cha asubuhi, cha mchana na cha usiku, na baada ya kila chakula kuna kupiga mswaki kabla ya kurudisha plastiki, maana mabaki ya chakula yaliyofungiwa chini ya kifuniko, mahali mate yasipopita kuosha, huozesha jino upesi. Kikiwa kinywani, hunywewi kitu ila maji baridi. Chai ya moto huipinda plastiki, na sukari yake hubaki imelala juu ya meno. Kahawa huitia rangi. Tambuu sitasema.

Nami ni mtu wa barazani. Tangu ujana wangu, baada ya sala ya magharibi, hukaa na wenzangu tukinywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo, kashata mkononi, mpaka saa tatu au nne za usiku. Kahawa ya barazani hainywewi mara moja ikaisha. Hunywewa kidogo kidogo kama yapitavyo maneno. Miezi mitatu ya kwanza nilikaa pale na chupa ya maji, wenzangu wakinicheka kuwa nimekuwa bwana arusi aliyekatazwa kutoka. Mwezi wa nne nikasema, kikombe kimoja. Mwezi wa tano vikombe havikuhesabika. Wakati wa kusahihisha mitihani nikaongeza na chai ya usiku. Nilijiambia kuwa nalala navyo, yatosha. Kwa hakika nilikuwa navivaa saa 14 au 15.

Plastiki haina ulimi, lakini haisemi uongo. Nilipovaa jozi ya 13 haikukaa. Baina ya ncha ya jino na kifuniko palionekana nafasi yenye mwanga. Nikabana kwa nguvu, nikatafuna kile kijiti cha mpira laini tulichopewa cha kukalishia vifuniko, nafasi ikabaki. Daktari alipotazama hakuniuliza kitu. Alichukua kioo akanionyesha ile nafasi, akasema, "Mwalimu, hizi ndizo saa zako." Nilirudishwa jozi ya 11. Kwa hesabu yangu, kahawa ile ilinigharimu miezi miwili.

Yalinipata na mengine, nayo nayataja kwa ufupi ili yampunguzie mwingine. Siku saba za kwanza ulimi haukujua mahali pa kugusa, na mimi mwalimu wa lugha nikasimama mbele ya wanafunzi arobaini nikasema "thithi thote" badala ya "sisi sote". Dawa yake ilikuwa kusoma kwa sauti nyumbani kila usiku. Siku ya nane ulimi ukazoea. Mwezi wa Ramadhani, niliouogopa, ulikuwa mwepesi kuliko yote, kwa kuwa mchana kutwa sikuwa na sababu ya kuvivua, na baada ya daku nilisafisha kinywa nikavirudisha. Lakini katika karamu ya arusi moja niliviweka ndani ya karatasi laini ya kufutia mikono, kando ya sahani ya pilau. Nilipogeuka kumwamkia mzee mmoja, kijana mwenye adabu aliizoa sahani na karatasi. Nikaenda nyuma ya jiko kuchakura katika pipa la mifupa. Mama mmoja wa jikoni akaniuliza, "Mwalimu, umepoteza nini?" Nikamjibu kweli: "Meno yangu." Wote wakatazama kinywani mwangu, wakaona meno yapo, wakanihurumia kwa sababu nyingine. Sikuvipata. Kilichoniokoa ni kuwa jozi iliyotangulia sikuitupa, nikaivaa mpaka nyingine ilipofanywa. Kwa hiyo mtu asitupe jozi ya nyuma, na akivua vifuniko avitie katika kijaluba chake, si kwingineko.

Jozi ya 26 ilipokwisha, jino langu la kushoto lilikuwa bado halijafika. Nilidhani nimeshindwa. Daktari alisema mambo huwa hivyo mara nyingi, kwa sababu meno hayafuati kompyuta neno kwa neno. Akapima upya, akaongeza jozi nane. Hili nalo huulizwa mwanzo: je, jozi za nyongeza zimo katika bei, au zina bei yake? Na vishikizo vya mwisho vimo? Na kifuniko kikipotea, gharama ni ya nani? Mkataba wangu ulikuwa na nyongeza. Wengine, nimesikia, hawakuuliza.

Kisha ikaja siku niliyodhani kuwa ndiyo ya mwisho. Vinundu vilisagwa vikaondoka, ulimi ukapita juu ya meno laini kama kauri. Nilipokuwa nafunga mkoba, daktari akanipa jozi nyingine tena, ngumu kidogo kuliko zile. "Hizi hazisukumi," akasema. "Hizi hushika. Utazivaa kila usiku." Nikamwuliza, mpaka lini? Akajibu, "Mpaka utakapokuwa huyajali tena."

Nyuzi zile za fizi zilizonyooshwa hukumbuka mahali pao pa zamani, na hata meno yasiyonyoshwa na mtu huendelea kusogea maisha yote. Jambo hili laweza kumvunja moyo mtu akiambiwa mwisho. Lingempa akili lau angeambiwa mwanzo. Mwaka jana nilikwenda Pangani kumzika ami yangu, nikakaa huko majuma matatu, vishikizo nimeviacha Tanga. Niliporudi, vilinibana kama kiatu cha mtoto. Niliuma meno nikavaa, na baada ya siku nne vikaketi. Ningekaa miezi mitatu, nadhani ningekuwa nimerudi nilikotoka, na mishahara mitano imekwenda na maji.

Nikikusanya yote haya naona kuwa mtu anayenunua vifuniko hanunui meno yaliyonyoka. Hununua ahadi, na mtoaji wa ahadi hiyo ni yeye mwenyewe. Daktari aweza kupima, mashine yaweza kufinyanga, lakini saa 22 za kila siku hakuna awezaye kumvalia. Basi kabla ya kutazama meno yake mtu azitazame siku zake: aonavyo njaa, anywavyo kahawa, asafirivyo, asahauvyo. Kama katika siku hizo hamna nafasi, asilaumu plastiki. Waya wa kugandishwa, ambao mvaaji hawezi kuuvua, wamfaa zaidi mtu asiyejiamini, wala si fedheha kuuchagua.

Meno yangu hayakuwa kamili. Moja la chini limebaki limeinama kidogo kama mtu anayesikiliza. Daktari alisema kuwa kwa miezi mitatu zaidi angelisimamisha. Nilipitisha ulimi juu yake, nikakuta mswaki wafika pande zote, damu haitoki, na kiganja changu kimepumzika magotini hata nichekapo. Nikamwambia, "Daktari, latosha."

Alitazama juu, mahali pa mwanya, akatabasamu. "Na huu?" akauliza. Nikamwambia huo si wangu peke yangu.